Mamba Aliyetaka Taka

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyeo na wivu kama baba zenu, kulikuwa na Mwalo wa Matete kando ya ziwa. Mwalo, kwa asiyejua, ni pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kupasuliwa. Mwenye mwalo alikuwa Mamba. Nani alimpa? Hakupewa na mtu. Alilala pale siku moja, akaachama mdomo, na kila aliyepita akaanza kumwita mwenye mali.

Mamba alijenga banda kubwa la kupasulia sangara. Msimamizi wake alikuwa Kiboko, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa unene, na kujibu "Ndiyo, Mkuu!" kabla hajaulizwa.

Katika samaki mzima, Mamba alikula minofu tu.

"Mifupa inaniharibia meno," alisema.

Meno yenyewe hajayapiga mswaki tangu aanguliwe! Basi vichwa, ngozi, magamba, matumbo na mapanki, yaani ile mifupa inayobaki minofu ikishachunwa, vyote vilitupwa. Vikatupwa wapi? Pwaa! Mlangoni kwa Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mnyama mdogo, mjane mwenye watoto, na shimo lake aliachiwa na mama yake. Hakuwa na kingine duniani. Asubuhi moja akafungua mlango, utumbo wa samaki ukamwangukia kichwani, pwata! Akajifuta, akaenda moja kwa moja kwa Mamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea kule, unanuka."

"Nanuka samaki wako, mzee. Taka zako zimeziba mlango wangu. Watoto wanatapika."

"Si uhame?"

"Nihamie wapi?"

"Hilo swali gumu," Mamba akasema, akamgeukia Kiboko. "Si gumu?"

"Ndiyo, Mkuu!"

"Basi tusilijibu. Sikia, wewe kidudu. Mwezi ukiandama na taka bado ziko pale, Kiboko atakuja kulikanyaga hilo shimo, tupate uwanja mpana wa kutupia."

Moyo wa Nguchiro ukaenda mbio. Mmewahi kuona wayo wa Kiboko? Ukikanyaga shimo, haibaki hata kumbukumbu ya shimo. Lakini hofu haikumfumba macho. Aliutazama mkia wa Mamba, akauona umo majini.

Na hapa mnyamaze, hata wewe unayetafuna miwa pale nyuma. Ziwa lile lilikuwa na sheria moja: neno lililosemwa mkia ukiwa majini halirudishwi. Ziwa limeshalisikia. Anayelirudisha, hakuna atakayemwamkia, wala kumkaribisha, wala kumzika. Ndiyo maana Mamba alipotaka kudanganya aliutoa mkia kwanza, polepole, akijidai anauanika.

"Nitaziondoa, mzee," Nguchiro akasema. "Ila nikishaziondoa, zitakuwa za nani?"

"Za nani? Taka ni kile nisichotaka. Nisichokitaka mimi, chukua wewe."

"Na siku ukizitaka?"

"Mimi? Nitake taka?" Mamba akacheka kwa-kwa-kwa! Kiboko naye akacheka, ingawa hakusikia walichosema. "Vichwa, ngozi, magamba, matumbo, mapanki, vyote vyako, leo na milele!"

Na mkia ulikuwa ukichezea maji, chubwi, chubwi.

"Ahsante, mzee," Nguchiro akasema, akaondoka kabla kicheko hakijaisha.

Akawakusanya watoto wake. "Pua zenu zizoee," akawaambia. "Kazi ndiyo hii."

Kwanza walichambua. Kila kitu na fungu lake. Matumbo waliyatoa nyongo kwa uangalifu, maana tone moja la nyongo huharibu chungu kizima. Mafuta ya matumbo wakayayeyusha kwa moto mdogo, wakayachuja, wakayapika na maji ya majivu na mchaichai kidogo, ikapatikana sabuni. Vichwa na mapanki wakavichemsha, wakavianika juu ya mwamba, wakavitwanga, twa! twa! twa! Ukapatikana unga wa kulishia vifaranga. Ngozi wakazikwangua, wakaziloweka katika maji ya magome ya mgunga mpaka zikalainika, wakashona viatu. Magamba yakachemshwa yakawa gundi ya kubandikia soli. Hata maji ya kuoshea hayakumwagwa ovyo. Yalikwenda kwenye mchicha.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kanga, jirani, mwenye vifaranga vilivyokonda mpaka vikipigwa upepo vinapotea.

"Shoga, hicho unachotwanga ni nini?"

"Ni ile harufu uliyokuwa ukiilalamikia," Nguchiro akajibu. "Lete bakuli."

Vifaranga vikanenepa. Jirani kwa jirani, habari ikaenea. Wakaja na mihogo, wakaja na asali, wakaondoka na sabuni na viatu.

Mwezi ukaandama. Kiboko akaja kukanyaga. Akakuta uwanja umefagiwa, mchicha umestawi, na Nguchiro akimnyooshea kipande cha sabuni.

"Karibu, bwana msimamizi. Jaribu hii."

Kiboko akarudi kwa Mamba anang'aa.

"Mkuu, nimeoga."

"Umeoga? Wewe?" Mamba akashangaa. Kweli ni ajabu, watoto, kiumbe kushinda majini maisha yake yote na ile ndiyo ikawa mara yake ya kwanza kuoga.

Kabla mshangao haujaisha, Mama Kanga akapita mwaloni na viatu vipya, ko-ko-ko.

"Hiyo ngozi ya nani?" Mamba akauliza.

"Ya sangara wako, mzee. Yule uliyemtupa."

Ah! Wivu ulimpanda Mamba. Mwenyewe alikuwa na minofu ya kumtosha yeye na ukoo wake, lakini kilichomuuma ni kumwona mdogo ana kitu. Wako watu hivyo. Msiniangalie mimi, angalieni mlikotoka.

Akaagiza Nguchiro aitwe.

"Mwanangu," Mamba akaanza kwa sauti ya asali, huku mkia ukitoka majini taratibu, "siku ile hukunielewa. Taka nilikuazima tu."

"Mzee, mbona unaanika mkia? Leo jua halijatoka."

Wanyama waliokuwa pale wakakohoa kuficha kicheko. Mamba akaurudisha mkia majini. Ameshaumbuka.

"Sawa. Basi tubadilishane. Nipe taka, nikupe kitu."

Hapo ndipo Nguchiro alipojitupa chini akagaragara mchangani.

"Uuuwi! Jamani nakufa! Usinipokonye matumbo yangu! Vichwa vyangu! Mapanki yangu matamu!"

Kadiri alivyolia, ndivyo tamaa ilivyompanda Mamba.

"Nitakupa mnofu mmoja katika kila samaki."

"Mnofu? Mnofu unavaliwa mguuni? Mnofu unatoa povu?"

Mamba akatafakari. Kweli, mnofu unaliwa, basi, umekwisha. Kumbe miaka yote amekuwa akila hasara!

"Chukua minofu yote!" akanguruma. "Yote, ya kila samaki, milele! Mimi nachukua taka. Na usije ukanigeuka! Tia mkia majini useme. Mimi huu hapa, nauzamisha mpaka kiunoni!"

Nguchiro akautumbukiza mkia wake mwembamba, huku anafuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Nimekubali, mzee. Umeniweza."

"Na siri yake?"

"Kuchambua, kuchemsha, kukausha, kutwanga. Usisahau kuchambua."

"Kiboko, umesikia?"

"Ndiyo, Mkuu!"

Hakusikia chochote.

Basi Mamba akajitangaza Mkurugenzi Mkuu wa Matumbo. Kiboko akawa Katibu wa Vichwa. Kazi ya kwanza ikawa nini? Kuchambua? Thubutu! Ikawa sherehe ya ufunguzi. Mamba akahutubia mpaka jua likawa la utosi, kisha akakata utepe. Utepe wenyewe ulikuwa utumbo, na ulipokatika uliwarukia wageni wa heshima. Inzi ndio peke yao waliopiga makofi.

"Sasa nani atatoa nyongo?" Mamba akauliza.

"Si kazi ya katibu, Mkuu."

"Wala ya mkurugenzi. Tia vyote chunguni!"

Wakatia vyote, na nyongo zake, na moto wa kuunguzia msitu. Ikatoka sabuni ya kijani. Mamba akajipaka mwili mzima, akavimba vinundu kuanzia shingoni hadi mkiani. Wengine husema ngozi yake ilikuwa laini kabla ya siku ile. Kiboko alipoambiwa atwange, alikalia kinu ili kisitikisike, kraa! Kinu kikawa kuni. Mamba akavaa viatu vya ngozi mbichi, na kila alipokwenda, wingu la inzi lilimtangulia kama askari wa msafara.

Samaki wakaendelea kuletwa. Nguchiro akapokea minofu yake, akaibanika, akawalisha majirani upande wa juu ambako upepo ni safi. Taka zikabaki kwa mwenyewe, pale pale bandani. Kila siku lundo likapanda. Likanuka, likatokota, likaanza kutembea kwa mabuu. Wavuvi wakaziba pua, wakasema, "Hapa hatushushi samaki tena."

Hatimaye Mamba akajikokota hadi shimoni, macho yanachuruzika, Kiboko nyuma yake.

"Nguchiro, mwanangu, njoo uchukue taka zako."

"Zangu? Zako, mzee. Ziwa limesikia."

"Nakuomba! Naanza kupofuka!"

"Mali ya mtu siigusi hivihivi, watu wataniita mwizi."

"Unataka nini? Sema!"

"Banda na mwalo," Nguchiro akasema, safari hii bila kugaragara. "Wewe uhamie ng'ambo kwenye matete. Nikibaki na jirani anayetupa, nitachambua mpaka kufa."

"Unanifukuza kwangu?"

"Si uhame? Ndivyo ulivyonifundisha."

Mamba akamtazama Kiboko amtetee. Kiboko akatazama lundo, akatazama ile minofu inayobanikwa, akameza mate. Kisha akamgeukia Nguchiro, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Mkuu!" akasema.

Mamba akarudi ziwani, akaapa, mkia wote majini, akahama siku hiyo hiyo. Mpaka leo mkimkuta ukingoni ameachama mdomo, msidhani anacheka. Ile harufu ilimwingia puani haikutoka, na sasa anapumulia mdomo.

Nguchiro na majirani wakalifukia lundo bovu kwa majivu na udongo, likawa mbolea, na mahindi ya mwaka ule yalimfunika Twiga. Kiboko akapewa kazi ya kuchota maji, maana kinu hakuna atakayemkaribishia tena.

Samaki wangu nimemmaliza, watoto, miiba yake ndiyo hii: taka si taka mpaka zianguke mikononi mwa mjinga.