Punda Aliyesimama kwa Miguu Mitatu

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wewe kaka wa benchi la nyuma, hiyo simu itie mfukoni kidogo, maana mfano huu nimeuleta kwa ajili yako. Usigeuke kumtafuta jirani. Ni wewe.

Katika mji mmoja wa bara, mji wa vumbi na shida ya maji, alikuwepo mama mmoja aliyelima alizeti misimu mitatu mfululizo. Alipouza hakununua vitenge, hakununua makochi. Alinunua punda jike. Akamkabidhi mumewe kamba, akamwambia, "Baba Tumsifu, mimi nina mikono, wewe una akili ya wanyama. Huyu ndiye atakayetulisha." Na kweli akawalisha. Miaka minane punda yule alivuta mkokoteni wa madumu ya maji kutoka kisimani mpaka mjini, na hakuna ugali uliopikwa nyumbani kwao ambao hakuutolea jasho.

Mume naye tusimwonee. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa ngumi, na kwenye kwaya aliimba besi mpaka madirisha yakatetemeka. Kazi yake aliijua vilevile. Kila asubuhi, kabla ya kumfunga punda kwenye mkokoteni, alichuchumaa, akainua miguu minne, mmoja baada ya mwingine, akachokonoa kwato kwa bisibisi kuukuu kutoa kokoto na uchafu. Ni kazi ya muda wa kikombe cha chai kupoa. Hilo la chai mlishike, nitalirudia.

Punda yule alikuwa na jambo lake moja. Mguu wa nyuma hakumpa mtu mwingine yeyote. Mama mwenyewe, mwenye alizeti yake, alijaribu siku moja, akala teke la paja, akashinda wiki nzima anajikanda kwa maji ya moto. Lakini mzee akisogea, punda anatulia tuli, kama mtoto anayesukwa na mama yake.

Haya. Ikaja Jumatatu.

Jumatatu mzee alipeleka maji kwenye kibanda kimoja cha kubeti pale sokoni. Kuingia ndani na dumu begani, akaona runinga ukutani, na kwenye runinga, farasi! Farasi wanane, manyoya yanang'aa, wanatimka mbio. Jamani, mtu ambaye maisha yake yote ameishi na punda, mwonyesheni farasi uone. Alitua dumu chini. Akasimama. Mbio zikaisha, na baada ya dakika tano zikaanza nyingine. Vijana waliokaa pale wakasema, "Mzee, chagua basi mmoja." Akachagua namba mbili, akaweka kisarafu cha kujifurahisha tu. Namba mbili akashinda.

Loo! Afadhali angeshindwa.

Jioni alirudi nyumbani anaongea tangu mlangoni. Mkewe akamtengea chakula, akamsikiliza. "Mama Tumsifu, wewe hujui. Mnyama anajulikana kwa mwendo. Wale vijana wanabahatisha, mimi naangalia mabega, naangalia nyonga." Mama akasema sawa, kula basi, ugali unapoa.

Jumanne mzee aliamka na haraka. Benchi la kibandani linajaa mapema, na yeye alitaka pale mbele, aone miguu vizuri. Akamfunga punda upesi upesi. Bisibisi ilibaki imechomekwa ukutani. Mkewe alikuwa anafagia uani, akaona.

"Baba Tumsifu, leo kwato hujaangalia."

"Nitaangalia jioni."

Jioni ikafika. Mnadhani aliangalia? Jioni alikuwa na daftari! Ndiyo, la mtoto, kurasa za nyuma. Anaandika namba nne kafanya hivi, namba saba kafanya vile. Tena farasi alishawapa majina. Namba nne anamwita Kimbunga, namba saba Bibi Harusi. Na punda wa nyumbani? Miaka minane aliitwa punda. "Lete punda." "Funga punda." Sasa mimi nauliza tu, msinikasirikie, hivi sisi tuna akili gani?

Jumatano mama alimwona punda anarudi kutoka kisimani anachechemea. Kidogo tu, mguu wa nyuma wa kushoto. Akamwambia mumewe wakati anavua viatu.

"Punda anachechemea."

"Kachoka tu. Kesho nitamtazama."

Mama akauliza, "Hao farasi wako wanaishi wapi?"

"Ulaya huko."

"Umesema wanakimbia kila baada ya dakika tano?"

"Kila dakika tano."

"Farasi wale wale? Kutwa nzima? Na hawatoki jasho, hawanywi maji? Baba Tumsifu, wewe ni mtu wa wanyama. Mnyama gani huyo?"

Mzee akacheka. "Wale ni farasi wa mashindano, mke wangu. Siyo hawa wa kwetu." Akafungua daftari. Mama alitamani kulichukua lile daftari akawashie jiko, lakini ni daftari la mtoto, na upande wa mbele kulikuwa na hesabu za shule. Akaacha.

Alhamisi punda alisimama zizini kwa miguu mitatu. Wa nne aliugusisha ncha tu. Mama alimwita mume kwa sauti mpaka jirani akachungulia. "Njoo umwone! Njoo uone mwenyewe!" Mzee akapiga jicho kutoka mlangoni, akasema atatembea naye taratibu. Na madumu akapakia. Mama akasogea yeye kujaribu, akainama pole pole, punda akalaza masikio na kurusha teke. Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa hasira. Nasema hasira, siyo huzuni. Akina mama hapa mnaijua hiyo hasira, ya kuona kitu kinaharibika mbele ya macho yako, mwenye mkono wa kukitengeneza yupo, mzima, ana nafasi, na hataki kuinama.

Ijumaa mama alimweleza tena, mara tatu. Mara ya tatu mzee alikasirika yeye! Akasema, "Mwanamke, mimi sinywi, sina nyumba ndogo, kwaya siachi. Hiki kidogo cha kujipumzisha nacho unaninyima?" Mnaifahamu hiyo? Eh? Nani hapa hajawahi kuisema au kuambiwa? "Najipumzisha tu." Mimi mwenyewe mchungaji wenu nimeisema, na nyumbani kwangu wanajua ni siku gani.

Jumamosi asubuhi mzee alitoka bila punda. Safari hii hata kisingizio cha maji hakuwa nacho. Mama alimaliza kuosha vyombo, akajifunga kanga kiunoni, akamfungua punda zizini, akaanza kumwongoza kuelekea sokoni. Njia ambayo punda yule aliimaliza siku zote kabla jua halijakolea, siku ile walitembea hadi karibu na adhuhuri. Hatua nne, wanapumzika. Watu walimpigia kelele, "Mama, mnyama mgonjwa huyo, unampeleka wapi?" Hakumjibu mtu.

Akamfunga kwenye nguzo mbele ya kibanda, akaingia.

Mumewe alikuwa benchi la mbele na amezungukwa na watu. Wiki moja tu, keshakuwa mwalimu! Amenyoosha kidole kwenye runinga na sauti ile ya besi imejaa chumba. "Msimguse namba nne leo! Mtazameni Kimbunga, anaukwepa mguu wa nyuma ya kushoto. Mnaona? Hakanyagi sawa. Yule ana kitu kwenye ukwato, nawaambia, miaka minane nafanya kazi hii, jicho langu halidanganyi!" Na vijana wote, "Kweli mzee, kweli."

Nyuma ya kushoto, wapendwa. Alimwona farasi wa ukutani kwamba anachechemea nyuma ya kushoto.

Mama alisimama pale. Alikuja amejiandaa kugomba, maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Yote yakamtoka. Akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dada anayepokea pesa.

"Mwanangu, shikamoo siombi, naomba msaada."

"Karibu mama. Unataka kuweka farasi gani?"

"Sitaki farasi. Nina punda wangu hapo nje. Nataka umtie humo ndani ya runinga."

Dada akacheka, akadhani ni utani. "Mama, haiwezekani. Hao siyo farasi wa kweli, ni mashine inawachora. Hawapo popote."

"Nimeshajua kwamba hawapo. Wangu yupo. Mtie humo hata mara moja tu, mwanangu, dakika tano zinatosha. Anaumwa mguu siku ya nne leo, na mume wangu haoni kitu mpaka kiwe ukutani."

Kibanda kizima kikamgeukia mama. Kwenye runinga farasi walikuwa bado wanakimbia, na hakuna aliyewatazama.

Mzee aliinuka. Alitoka nje na kalamu bado iko sikioni, akamwona punda kwenye nguzo, miguu mitatu chini, wa nne unaning'inia. Akamsogelea. Na hapa ndipo huwa nashindwa kuuhadithia mfano huu bila kusimama kidogo. Punda yule, mwenye teke kwa kila mtu, alipomsikia mzee anachuchumaa nyuma yake, kabla hajaguswa, aliuinua ule mguu mwenyewe. Akampa.

Alikuwa anaungoja ule mkono tangu Jumanne.

Ndani ya ukwato kulikuwa na kipande cha msumari wa bati, kidogo tu, kinachotoka kwa bisibisi mara moja. Lakini nyama kukizunguka ilishaoza, harufu inasikika. Wakamwita bwana mifugo, akaja, akakata, akasafisha, akachoma sindano. Akanyanyuka, akanawa mikono. "Ataishi," akasema. "Lakini mzigo hatavuta tena. Hiyo Jumanne mnayosema ingekuwa kazi ndogo sana."

Leo ukienda katika mji ule asubuhi utauona mkokoteni wa maji unakuja kutoka kisimani. Kati ya ile miti miwili ya mbele, pale alipokuwa anafungwa punda, yumo Baba Tumsifu. Anavuta mwenyewe. Mkewe anasukuma kwa nyuma, hata hilo la kusukuma halikuwa lake, ila ndoa ndiyo hiyo. Na punda? Punda yuko zizini, anachechemea, na kila asubuhi mzee anainua miguu yake yote minne kabla ya kutoka. Sasa ana jina. Anaitwa Bibi Harusi.

Mnacheka? Chekeni, mkimaliza mniangalie hapa.

Nawajua nyinyi. Kuna mtu atatoka hapo mlangoni na kusema, leo mchungaji kawasema wacheza kamari, bahati nzuri mimi sichezi. Hapana! Usinitorokee hivyo. Kamari ni kamari na nitaisema siku yake, lakini yule mzee hakufilisika kwa visarafu. Vile visarafu ni kitu kidogo. Alichokiweka pale kibandani ni jicho lake. Mungu alimpa jicho la kuona mnyama anayeumia, jicho ambalo mtaa mzima haukuwa nalo, akaenda kulitumia kwa wanyama ambao hawapo. Na sisi je? Sisi tunaojua mshambuliaji wa Ulaya kaumia goti lipi na atarudi lini, goti la mama yetu linalomuuma tangu mwaka jana tunalijua ni la kulia au la kushoto? Wewe dada unayejua ndoa za watu wa kwenye simu zinavunjika wapi, mumeo amenyamaza mezani wiki ya pili, umeona? Sisi viongozi tunaosikia risala za wageni mpaka mwisho, tunapoitwa na watoto wetu tunasema nini? Tunasema jioni. Tunasema kesho. Na tunasema bila aibu, kwa sababu hatujaua mtu, hatujaiba, tunajipumzisha tu.

Ndugu zangu, nimechoka kuzika na kusuluhisha mambo ambayo siku ya Jumanne yalikuwa kazi ya kikombe cha chai kupoa. Nimechoka kweli kweli, siwafichi.

Kinachoniuma zaidi siyo teke, ni ule mguu ulioinuliwa. Watu wetu bado wanatupa mguu huo. Wamengoja, wameumia, wamepuuzwa, na tukisogea tu wanatuinulia mguu, kwa sababu ni mkono wetu wanaoujua. Basi leo ukifika kwako, usiwashe kitu, usifungue kitu. Chai ikimiminwa, iache ipoe. Zunguka nyumba yako mwenyewe, uangalie nani anasimama kwa miguu mitatu.