Sudi na Karibu ya Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu wakiwaelewa, palikuwa na paka. Jina lake Sudi. Aliishi kwa Bi Mwanahawa, mjane asiye na mtoto, pamoja na Tembe, mbwa mlinda ua. Sudi alikuwa mwepesi. Akitaka kupanda paani, huruka ukutani, huruka tena, yuko juu.

Basi, mtaa ule mtu anayekula akikuona hukwambia, "Karibu." Nawe humjibu, "Starehe," ukapita zako. Ndiyo desturi, hata leo. Ni karibu ya mdomo tu. Huenda sufuria ina wali wa mtu mmoja. Lakini Sudi alifiwa na mama yake angali ananyonya, jibu hilo hakufundishwa. Yeye akiambiwa karibu, hukaribia.

Asubuhi, kwa Kombo mshona viatu. "Karibu, Sudi." Nyam, nyam, nyam. Mchana, kwa Mafunda muuza samaki. "Karibu, Sudi." Nyam, nyam, nyam. Akirudi nyumbani analamba midomo, na Bi Mwanahawa husema, "Maskini, mwanangu ana njaa." Humjazia kisahani. Nyam, nyam, nyam.

Sudi akanenepa. Tumbo likafagia ua. Majirani wakasema, "Mashallah, Sudi ana afya." Bi Mwanahawa akafurahi, akaongeza chakula. Afya gani hiyo, na paka anahema he, he, he kwa kuvuka kizingiti tu?

Tembe akamwambia, "Ndugu yangu, karibu ina jibu lake. Sema starehe."

"Nimkatae aliyenikaribisha? Huo si ustaarabu."

"Amekukaribisha kwa adabu. Nawe mjibu kwa adabu."

"Una wivu, Tembe. Wewe hukaribishwi na mtu."

Tembe akarudi mlangoni pake. Neno lile lilimuuma, maana lilikuwa kweli.

Alasiri moja Chui akaingia uani. Kuku wakaruka, puruu. Mbuzi akajitia bandani. Tembe alikuwa mlangoni, akawahi ndani. Sudi akaruka ukutani. Puu, chini. Akaruka tena. Puu. Kucha zilishika, mwili ukazivuta. Chui hakuwa na haraka.

"Umenona," akasema.

Sudi akafumba macho.

Tembe akachungulia, akamwona mwenzake pale chini. Akatoka. Akamvaa Chui, wakabiringishana vumbini hadi Bi Mwanahawa alipokuja na mchi na mtaa mzima nyuma yake. Chui akakimbia. Tembe akabaki amelala, mguu wa nyuma umevunjika. Haukuunga vizuri tena.

Bi Mwanahawa alilia. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. "Paka huyu namlisha mwenyewe," akasema. "Mkimpenda, msimpe." Akapunguza kisahani. Akafunga unyoya kwenye uzi, akauburuta, Sudi akaufukuza ua mzima, akisimama kila mara kuhema. Unene huja mbio, huondoka ukitambaa. Lakini uliondoka.

Kombo alikuwa mzito wa kusahau mazoea. "Karibu, Sudi." Samaki sahanini mwake alinukia. Sudi akameza mate.

"Starehe," akasema, akapita zake. Siku ile aliiona njia ya kurudi nyumbani ndefu sana.

Chui akarudi, kwani njaa haina haya. Sudi alikuwa juu ya paa, akamwona angali mbali. "Tembe, ingia ndani." Tembe akachechemea, akaingia, mlango ukafungwa, kuku na mbuzi nao wakajitia bandani. Chui akauzunguka ua, hakupata kitu, akaenda zake.

Tangu hapo Sudi alishika zamu paani, kila alasiri, mpaka Tembe akafa kwa uzee.

Wanangu, nanyi wazazi wao: mnyama uliyemfuga hajui kukataa, basi wewe unayemlisha ndiye ujue kiasi. Shibe mwana malevya. Ukimjazia tumbo kwa mapenzi, umemfunga miguu. Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mwenyewe.