Nani Ampimie Hakimu Mtama?

Hii nimetumiwa asubuhi na wifi yangu, na tangu hapo inanizunguka kichwani. Nawatumia na ninyi, ila tafadhali isomeni mpaka mwisho kabla ya kuweka dole gumba. Nawajua.

Palikuwa na mfalme aitwaye Lugusha, na hakimu wake akiitwa Kasanda. Hakimu hakuwa na nafasi ya kulima, maana kutwa alikuwa barazani akisikiliza kesi. Kwa hiyo kila baada ya mavuno mfalme alimlipa mtama, na desturi ilikuwa ampimie kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Akiwa amefurahi, pishi hufurika. Akiwa amenuna, anaikata juu kwa kiganja. Watu walijazana kutazama, wakinong'onezana, "Mwaka huu kamfurahisha bwana mkubwa."

Sasa ikatokea kesi ya mfalme mwenyewe. Shamba la bondeni, alikozikwa mama yake, lilikuwa likilimwa na mjane aitwaye Nyamizi. Mjane alisema ni la marehemu mumewe. Mfalme alisema ni la mama yake, na akakubali kwenda barazani kama mtu mwingine yeyote. Hapo nampa heko, wangapi wangekubali?

Kasanda alikwenda bondeni kwa miguu yake. Zamani mama wa mfalme alipanda minyaa kuwa mpaka, na hakimu alikuta visiki vyake katikati ya mtama wa Nyamizi. Marehemu mume wa Nyamizi alikuwa ameikata na kusogeza shamba lake, bila mkewe kujua. Basi hakimu akaamua kuwa shamba ni la mfalme.

Nyamizi hakulia. Alimtazama tu, akauliza, "Baba hakimu, mavuno yajayo nani atakupimia?"



Tangu siku hiyo mambo yakaharibika. Nyamizi aligoma kuondoka, na majirani wakaja kumsaidia kupalilia. Wenye kesi nyingine wakaacha kwenda barazani, wakawa wanamalizana kwa fimbo. Mfalme akipita watu waliinama kama kawaida, lakini hakuna aliyemtazama usoni. Ilimuuma sana, kwa sababu safari hii haki ilikuwa yake kweli.

Akamwita Kasanda. "Ulihukumu kwa haki?"

"Kwa haki, mfalme wangu."

"Mbona basi naonekana mwizi?"

"Kwa sababu mtama wangu unatoka mkononi mwako. Hata nikisema kweli, watu wanasikia shukrani."

Mfalme akawaza. "Basi jipimie mwenyewe."

"Hapo mwizi nitaonekana mimi."

"Wakupimie wenye kesi?"

Kasanda akacheka. "Watanijazia asubuhi, jioni waje kudai hukumu."

Walivutana mpaka wakaafikiana. Wakatafuta watu wasiokula kwa mfalme na wasio na kesi barazani, wakawapata mfinyanzi, mhunzi na mkunga. Mfalme akaapa hadharani kwamba watakachopanga hatakigusa, afurahi asifurahi.

Watu hao wakaulizia hakimu analisha wangapi, kazi yake inamlia muda gani, na ghala linaweza kutoa nini bila wengine kulala njaa. Wakapanga. Na ajabu ni kwamba walichopanga kilikuwa pungufu ya zile pishi za mfalme zilizofurika. Watu wakangoja Kasanda anune. Yeye akasema kinamtosha, tena akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kisha mfalme akaomba kesi ya shamba isikilizwe upya. Nakiri, hapa nilidhani mjane atashinda, maana hadithi nyingi huenda hivyo. Kumbe wapi. Kasanda alirudi bondeni, akatazama visiki vilevile, akatoa hukumu ileile kwa maneno yaleyale.

Baraza zima likamgeukia Nyamizi. Akainuka na kushika jembe lake.

"Siku ile nilionewa," alisema. "Leo nimeshindwa. Naomba nivune kilichokomaa, kisha nitaondoka."

Funzo: Hakimu akilipwa kwa hiari ya mwenye nguvu, hata hukumu yake ya haki itaonekana ya kununuliwa. Ujira wake na upangwe na watu wasio na kesi mbele yake, ili hata anayeshindwa arudi nyumbani akiamini kwamba alisikilizwa.