Aliyeitika kwa Sauti ya Ngiri

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na njia ndefu!

Njia ya nani?

— Ya wa mbele na ya wa nyuma!

Basi tulieni mnisikilize. Aliye mlangoni asogee ndani, maana hadithi hii haitaki mtu abaki nje.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanapanda baiskeli, palikuwa na kijiji nyikani. Kijiji kile kilikuwa na kila kitu ila chumvi. Chumvi ilikuwa mbali, kwenye ziwa lililokauka. Ukitoka alfajiri, unafika jua linazama. Unalala huko, kesho yake unarudi.

Wanyama wakaunda chama cha baiskeli. Kila mwaka kiangazi kikiisha, kila nyumba ilitoa mpandaji mmoja, nao wakaenda pamoja kuleta chumvi. Nyumba isiyotoa mpandaji haikupata hata punje.

Sasa, njia ile ilipita katika bonde, na bondeni aliishi Chui. Chui hakuwagusa wengi. Akiona magurudumu mengi yanakuja na kengele zinalia kringi kringi kringi, alijikunja kichakani akafumba macho. Lakini mmoja peke yake, au wawili peke yao, hao aliwaita chakula.

Kwa hiyo chama kilikuwa na sheria: wanaotoka pamoja wafike pamoja. Mbuni alikaa mbele, kwa kuwa ana shingo ndefu na anaona mbali. Ngiri alikaa nyuma, kwa kuwa ana subira. Yeye ndiye aliyebeba pampu, spana, viraka na gundi. Aliyepata pancha alizibiwa na Ngiri. Aliyechoka alisukumwa na Ngiri.

Kila walipopita kona, Mbuni aliita, "Mkia upo?"

Kama wote walikuwa mbele yake, Ngiri aliitika, "Mkia upo, twende!"

Na kama yuko aliyebaki, Ngiri alinyamaza. Ngiri akinyamaza, wote walishuka kwenye baiskeli, wakangoja.

Miaka saba Ngiri alikula vumbi la wenzake kumi na mmoja. Miaka saba hakupoteza hata mmoja. Hakuna aliyemshukuru, maana nani humtazama wa nyuma? Lakini alikuwa na furaha yake mwenyewe. Kila walipofika ziwani aliwahesabu kimyakimya, moja mpaka kumi na mbili, kisha akakaa chini akanywa maji, na maji yale yalikuwa matamu.

Mwaka wa nane, Digidigi jirani yake akavunjika mguu. Nyumba ya Digidigi ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mkewe, wala hawakuwahi kulala mbalimbali hata siku moja. Basi mkewe, Bi Digidigi, akaitoa baiskeli ya mumewe, akashusha kiti mpaka mwisho, akasema, "Nitakwenda mimi."

Asubuhi ya safari Digidigi alichechemea mpaka kwa Ngiri. "Rafiki yangu," alisema, "huyu hajawahi kwenda mbali. Nakukabidhi."

"Nimempokea," akasema Ngiri. "Nitarudi naye."

Wakaondoka, wapandaji kumi na wawili, wakiimba:

*Twende, twende, twende sote,*
*Wa mbele ngoja, wa nyuma njoo,*
*Chumvi ni yetu sote.*

Lakini mwaka ule Mbuni alikuwa na jambo moyoni. Alikuwa amesikia kwamba wanyama wa ng'ambo, mwaka uliopita, walifika ziwani jua likiwa bado juu. Flamingo wakawapangia mstari, wakawaimbia, wakamvisha kiongozi wao shada la maua. Mbuni hakuwahi kuimbiwa na mtu. Shada lile likamwingia kichwani, likakaa.

Wakafika penye mchanga mwingi. Wengine walipita. Bi Digidigi gurudumu likazama, akaanguka.

Mbuni akaita, "Mkia upo?"

Ngiri kimya. Alikuwa anamwinua Bi Digidigi na kumkung'uta mchanga. Wote wakashuka, wakangoja. Mbuni akasema, "Haya, ndio kwanza tumeanza." Ngiri akamsukuma Bi Digidigi mpaka penye ardhi ngumu, ndipo akaitika, "Mkia upo, twende!"

Wakaenda, wakaenda, wakafika penye migunga. Mwiba ukachoma tairi la Bi Digidigi. Psiiii!

Mbuni akaita, "Mkia upo?"

Ngiri kimya. Alikuwa ameinama juu ya tyubu, anapaka gundi. Wote wakashuka, wakangoja. Jua likapanda. Nyani akakuna kichwa, akasema, "Kila mara ni yuleyule." Kima akasema, "Asiyeweza angebaki nyumbani." Kanga alitaka kusema neno, akalimeza. Mbuni aliinua shingo. Alitazama jua.

"Samahani, shemeji," Bi Digidigi akamwambia Ngiri. "Nawachelewesha."

"Safari ni ya wote," akasema Ngiri. "Shika hapa, nipige pampu."

Sasa yaliyofuata Ngiri hakuyasikia. Alikuja kuambiwa baadaye na Kanga.

Juu ya usukani wa Mbuni alikuwa amekaa Kasuku. Kasuku hakuwa mpandaji, alipenda tu kubebwa. Akamwinamia Mbuni, akasema, "Kiongozi, jua linakwenda. Sheria inasemaje? Uende ukimwona Ngiri, au uende ukimsikia?"

"Nikimsikia," akasema Mbuni.

"Basi utamsikia."

Mbuni aliweka mguu kwenye pedali. Kisha akasema, "Mimi sikukuambia neno."

"Hukuniambia," akasema Kasuku.

Nyani alisikia. Kima alisikia. Kanga alisikia. Wote kumi walisikia, na wote walikuwa wamechoka kungoja. Wahenga walisema penye wengi haliharibiki neno. Siku ile palikuwa na wengi, wanangu, na neno likaharibika.

Tairi likazibwa. Wakaenda, wakaenda, wakateremka bondeni kwa Chui. Vichaka huku, vichaka huku, na njia katikati nyembamba kama mkanda. Walipofika katikati ya bonde, mnyororo wa baiskeli ya Bi Digidigi ukakatika. Kach!

Ngiri akashuka. Akauokota mnyororo. Pini moja ilikuwa imeruka majanini, haionekani. Hakuogopa. Alijua wenzake watamngoja.

Mbele, nyuma ya kona, Mbuni akaita, "Mkia upo?"

Ngiri akanyamaza.

Ndipo akasikia sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito, na ule mkoromo wake wa puani. Ilisema, "Mkia upo, twende!"

Kengele zikalia, kringi kringi kringi, zikienda mbali.

Ngiri alibaki na mnyororo mkononi. Bi Digidigi akamtazama mdomo.

"Shemeji, umeitika?"

"Sijafungua kinywa."

"Basi aliyeitika ni nani?"

Ngiri akaielekea kona. Akapaza sauti, "Hatupo! Ngojeni! Hatupo!" Akapiga kelele mara tatu, mpaka koo likakauka. Lakini tangu lini mtu aliyekwisha kuitika akasikilizwa tena? Vumbi likainuka nyuma ya kilima, likatua.

"Nenda, shemeji," akasema Bi Digidigi. "Wewe una mbavu za kuwakimbilia. Waambie warudi."

"Nikikuacha hapa, nitawarudisha kwa nani?" akasema Ngiri. "Panda kwenye karia."

Akampakia nyuma. Akaanza kukanyaga pedali, kilima kinapanda, jasho linatiririka. Bi Digidigi alikuwa mwepesi kama mtungi mtupu, lakini kilima ni kilima. Hawajafika nusu, Chui akatoka kichakani, akakaa katikati ya njia.

"Habari za safari?" akasema Chui.

"Njema," akasema Ngiri. "Tupishe. Wenzetu wako hapo kwenye kona wanatungoja."

Chui akajiramba ukucha. "Wenzenu nimewaona wakipita. Nilijifunika uso, kama kawaida yangu. Nikasikia kiongozi anauliza mkia, nikasikia mkia unaitika. Nikasema, haya, wamekwisha kupita wote." Akasimama. "Sasa kama mkia umeshapita, ninyi ni akina nani? Ninyi hamna wenyewe."

Ngiri aliiangusha baiskeli, akamweka Bi Digidigi nyuma yake, akaelekeza pembe zake. Chui akaja kushoto, Ngiri akamzuia. Chui akaja kulia, Ngiri akamzuia, naye Chui akampasua bega. Mara ya tatu Chui hakuja kushoto wala kulia. Aliruka juu.

Ngiri alipogeuka, njia ilikuwa tupu. Vichaka vilitikisika, vikatulia.

Alitafuta. Aliita jina la Bi Digidigi mpaka jua likainama. Aliokota kiatu kimoja tu, akairudia baiskeli iliyoachwa bondeni.

Alifika ziwani jioni, anasukuma baiskeli mbili, damu imemkaukia begani. Ngoma ilikuwa inalia. Flamingo wamepanga mstari, wanaimba. Mbuni amesimama katikati, shada la maua limemzunguka ile shingo ndefu.

"Aa, Ngiri!" akasema Mbuni. "Umekawia. Bi Digidigi yuko wapi?"

Ngiri akailaza ile baiskeli miguuni pake. Ngoma ikanyamaza.

"Aliyeitika ni nani?" akauliza Ngiri.

"Wewe," akasema Mbuni. "Niliuliza, mkia ukaitika. Wote walisikia. Si mlisikia?"

"Tulisikia," akasema Nyani.

"Tulisikia," akasema Kima.

Kanga aliinamisha kichwa, naye akasema, "Tulisikia."

"Unaona?" akasema Mbuni. "Sheria inasema nikisikia niende. Nilisikia, nikaenda. Kosa langu liko wapi?"

Naye Kasuku, juu ya usukani, akasema, "Mimi nilisema maneno tu. Maneno hayana meno."

Ngiri aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua wote. Huyu alimzibia pancha, yule alimsukuma mlimani akiwa na homa, huyu alimwachia maji yake ya mwisho. Hakuna aliyemwangalia machoni. Usiku ule hakuwahesabu, wala hakunywa maji.

Kesho yake walirudi. Wakamtwika Ngiri fungu la chumvi la nyumba ya Digidigi, wakasema, "Ampelekee mumewe. Ni haki yake."

Digidigi alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, mguu mmoja umeinuliwa. Akazisikia kengele, akazitazama baiskeli zikiingia moja moja, mpaka ya Ngiri. Nyuma ya Ngiri hapakuwa na mtu.

"Mlipofikwa," Digidigi akauliza polepole, "mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Mlitoka hapa kumi na wawili."

"Ndiyo."

"Kumi walikuwa wapi?"

Ngiri akasema, "Mbele."

Digidigi akatikisa kichwa. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisema tu, "Wewe ulisema utarudi naye," akaingia ndani, akafunga mlango. Chumvi ilibaki kizingitini. Umande ukaja usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaiyeyusha yote, na mpaka leo hapo mlangoni hapaoti jani.

Mwaka ukageuka. Chumvi ikaisha. Wapandaji wakakusanyika uwanjani.

"Tupange mstari," akasema Mbuni. "Ngiri, nyuma."

"Siendi," akasema Ngiri.

"Nyani, nyuma."

"Mimi? Ili mkanijibie?" akasema Nyani.

"Kima!"

Kima alikuwa amekwisha kujipenyeza katikati. Kanga yuko katikati. Kila mmoja alitaka katikati. Nani angekaa nyuma ya watu walewale, akijua sauti yake inaweza kupita bila yeye? Walisukumana mpaka adhuhuri, kisha wakatawanyika, kila mtu na baiskeli yake.

Mbuni akaona aibu. Akasema, "Nitakwenda mwenyewe." Akaondoka, Kasuku juu ya usukani. Waliobaki waliwasikia mpaka mbali. Kwenye kila kona, Mbuni kwa mazoea aliita, "Mkia upo?" Na Kasuku akaitika kwa sauti ya Ngiri, "Mkia upo, twende!"

Bondeni Chui alichungulia. Akaona magurudumu mawili. Kasuku ana mabawa yanayoruka, akaruka. Mbuni ana mabawa yasiyoruka.

Kanga alikimbia na habari mpaka kwa Ngiri, akidhani atafurahi. Ngiri hakufurahi. "Na yeye alikuwa mmoja wa kumi na wawili," akasema, akaendelea kuchimba mizizi yake.

Chama kikafa. Wanyama wakaacha baiskeli porini, kutu ikazila. Kasuku hakuadhibiwa na mtu. Bado yuko mtini, anasema maneno ya wenzake, na watu wanacheka wanampa karanga. Na Ngiri hakuingia tena katika chama chochote. Husafiri na wanawe tu, na akikimbia husimamisha mkia juu kama kijiti, ili mdogo wa nyuma auone katikati ya majani. Tena hukimbia akigeuka nyuma. Mtazameni mkimwona.

Hadithi inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba kumwacha mwenzako nyuma si kazi ya mmoja. Mmoja hudanganya, mmoja hukubali kudanganywa, na wengine wote hunyamaza. Nanyi mkiambiwa "wote wapo," msiridhike na sauti. Geukeni mtazame.

Hadithi yangu imefika. Kama yuko aliyebaki njiani, nendeni mkamlete.