Chui Alivyojifanya Kifungua Mimba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa meko, na juu ya meko pakawa nyama.

Nani aliitundika?

— Aliyekwisha kwenda.

Basi sogeeni, nami nitasema polepole.

Nguchiro alifiwa na mama yake. Walimzika Jumatatu, na Alhamisi ikawa siku ya kuanua matanga. Asubuhi hiyo Nguchiro aliinua macho kwenye uchaga wa juu ya meko, akaona imebaki minofu minne tu ya nyama ya kukausha. Mama aliipaka chumvi kwa mkono wake, akaitundika, akaifukiza moshi wa magunzi mwezi mzima. Ilikuwa nyama ya nani? Hadithi haisemi, nami sikuuliza.

Kila asubuhi ya uhai wake, mama alikata kipande chembamba, akakiroweka katika maji ya moto, kisha akakichemsha na magimbi mpaka mchuzi ukawa na rangi ya chai kavu. Nguchiro aliamshwa na harufu hiyo, hakuamshwa na jogoo. Sasa ilibaki minofu minne. Ikiliwa na mwingine, hatauonja tena mkono wa mama.

"Ee Mungu," akasema, "umemchukua mama, nami sisemi neno. Nilindie nyama tu."

Akabandika chungu. Toko, toko, toko. Harufu ikatoka mlangoni, ikapita mawe, ikamfikia Chui.

Chui akaja. Tifu, tifu, tifu. Uwanjani aliwakuta waliokuja kuhani: Kobe, Pimbi, na Nyati na kaka zake wawili. Nyati hali nyama, lakini anapenda utaratibu, na pembe anazo. Chui akaona kunyakua hakufai. Akaangua kilio.

"Uwii! Mama yetu! Pole, dada Nguchiro."

"Nimeshapoa, kaka Chui. Karibu."

"Leo majirani wanapewa nini?"

"Jirani hupewa mchuzi."

Chui akameza mate, gubu! "Mimi si jirani tu. Mimi ni mpwa wa marehemu."

"Mpwa hupewa mchuzi na gimbi."

Gubu! "Hukuniacha nimalize, dada. Mimi ni mwanawe. Mama yangu alipougua, marehemu ndiye aliyeninyonyesha."

"Mtoto hupewa mchuzi, gimbi na mnofu mmoja."

"Mmoja? Mimi ndiye kifungua mimba!"

Nguchiro akautazama mguu wa Chui, mkubwa kama chungu. Akalitazama kaburi la mama, udongo bado mbichi. Akaweka mwiko chini.

"Kifungua mimba hupewa vyote," akasema. "Mmesikia, jamani? Huyu ndiye mkubwa wetu."

"Tumesikia," akasema Nyati.

"Mungu ashukuriwe, kaka mkubwa amefika. Leteni wembe."

"Wembe wa nini?" Chui akauliza.

"Kifungua mimba hunyolewa, kichwa na masharubu."

Kwaru, kwaru, kwaru. Pimbi ndiye aliyenyoa, na hakuwa na haraka.

"Kifungua mimba huwapakulia watu kwa mkono wake."

"Hilo naliweza!" akasema Chui, akiukimbilia upawa.

"Na kifungua mimba hatii nyama ya mamaye kinywani mpaka arobaini ipite."

"Nani kasema?"

Nguchiro akamtazama Kobe. Kobe, ambaye katika umri wake wote hakuwahi kusikia mila hiyo, akaitikia kwa kichwa.

"Ndivyo ilivyo tangu zamani," akasema. "Na mchuzi wangu usiwe mdogo."

"Mimi nilikuwa natania," akasema Chui. "Mimi ni jirani tu."

Nyati akasimama. Kaka zake wakasimama. "Unamkana mama yako mbele ya kaburi lake?"

Chui akapakua. Akampa Pimbi mchuzi, akampa Kobe mchuzi, akawapa Nyati na kaka zake magimbi. Gubu, gubu, gubu.

"Na minofu?"

"Ya kitinda mimba, kaka. Nilibaki naye mpaka mwisho."

Nguchiro akamwombea mama, dua ndefu. Chui akasimama na upawa mkononi, kichwa kinang'aa. Kisha Nguchiro akauma mnofu wa kwanza. Chumvi ilikuwepo. Moshi wa magunzi ulikuwepo. Akafumba macho, akatafuna, machozi yakamtoka.

"Ina ladha gani?" Chui akanong'ona.

"Wewe ndiye kifungua mimba," akasema Nguchiro. "Umeanza kuila kabla yangu. Niambie wewe."

Arobaini ilipopita, Nguchiro alipaka chumvi nyama yake mwenyewe, akaitundika juu ya meko yaleyale. Chui hakuja. Masharubu yalikuwa hayajaota.

Chungu kimeepuliwa, hadithi imeiva.

— Tumeshiba!

Basi naweni mikono, mchukue na funzo: msibani tusiseme uongo. Nguchiro aliusema, Kobe akauunga mkono, na wote wawili walishiba. Lakini funzo ni hilohilo.