Fisi Aliyewazibia Kuku Upepo

Mwaka ule kipupwe kilikuwa kikali hata kuku wakawa wanagombania kulala katikati. Banda lao lilikuwa na tundu usawa wa fito za kulalia, na upepo uliingia hapo ukawapiga migongoni. Lilikuwa pia na mwanya mrefu juu, chini ya paa, ambao haukuwa umemkosea mtu.

Bwana Fisi akaja na ndoo ya udongo. "Poleni, jirani zangu. Upepo unaua. Nitawazibia kote, bure."

Akaziba tundu, akaziba na mwanya wa juu, akakandika hata sisimizi asipate pa kupenya. Kuku wakashukuru sana. Bi Mtetea, aliyekuwa na vifaranga wachanga, alianza kumwita baba.

Joto likapatikana, na kikohozi nacho. Kila alipokufa kuku, Fisi alifika mapema, ameinamisha kichwa, akabeba maiti kwenda kuzika. Hakukosa msiba hata mmoja. Bi Mtetea akabakiwa na kifaranga mmoja tu, naye alikuwa akikoroma kifuani. Mama mtu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sungura akapita kuwapa pole. Mlangoni akapiga chafya, macho yakamwasha kwa harufu ya kinyesi. Akatazama juu, akaona matone.

"Paa linavuja?"

"Livuje nini, na mvua haijanyesha?" akajibu Bi Mtetea.

"Basi hizo ni pumzi zenu, dada. Hazina pa kutokea. Na maiti anazika nani?"

"Bwana Fisi. Ana moyo, yule."

"Makaburi umeyaona?"

Bi Mtetea akakaa chini.

Sungura akaruka ili auzibue mwanya wa juu, hakuufikia. Akafikiri kidogo, akawatoa kuku wote nje nyuma ya banda, akaenda kumwita Fisi.

"Kuna msiba bandani. Mnono. Uko pembe ya ndani kabisa."

Fisi akaingia mbio, hata kichwa hakuinamisha. Sungura akatia komeo.

"Mbona unafunga?"

"Upepo, Bwana Fisi. Usije ukakuua."

Fisi akafukua pembe zote akitafuta maiti, na kadiri alivyofukua ndivyo harufu ilivyozidi kupanda.

"Fungua! Nakosa hewa!"

"Hewa imo humo humo, baba," akasema Bi Mtetea. "Uliizibia wewe."

Kwa mara ya kwanza katika misiba yote ile, Fisi akatokwa na machozi. Akaruka kwa wazimu, akapiga kichwa chini ya paa, akapiga tena na tena, udongo ukabomoka mwanya mzima. Akajipenyeza, akaanguka nje, akaondoka akichechemea.

Kuku wakatoa matandiko machafu, wakatandika makavu. Tundu la chini wakaliacha vile vile. Pale Fisi alikuwa ameziba vizuri, lazima tuseme ukweli. Hewa ikapita juu ya vichwa vyao, migongo ikabaki na joto. Kifaranga akaamka akidai chakula kwa fujo.

Fisi bado hupita asubuhi, ameinamisha kichwa. "Habari za hapa? Hakuna msiba?"

"Hakuna, Bwana Fisi," hujibu Bi Mtetea. "Sote tunapumua."