Amri ya Kapu la Bi Kibibi

Hapo zamani, katika mji wa Kijongwe, Ijumaa moja baada ya sala, walikuwapo barazani hawa: Sultani Hafidh bin Masudi, juu ya kiti chake, Waziri wake Sudi bin Athumani, Mfaume bin Hatibu, tajiri wa karafuu, Fumu, mpimaji wa nafaka, na pishi yake mkononi, Bi Kibibi binti Makame, mjane mwenye watoto wanne, na nyuma kabisa Chande bin Pazi, mtu asiyekuwa na kazi maalumu wala chakula maalumu.

Ilikuwa desturi ya Sultani kuwagawia maskini mtama wa ghala, pishi moja kwa kila nyumba, kila Ijumaa. Lakini Mfaume alikuwa amenung'unika, akisema, "Bwana wangu, zaka yangu ndiyo inayojaza ghala, nami nimemwona mtu akipokea mtama akaupikia pombe. Je, hiyo ni haki?" Maneno hayo yalikuwa kweli, kwa mtu mmoja. Basi Waziri akatunga amri: atakayepewa ni yule asiyemiliki kitu chochote.

Siku hiyo Bi Kibibi akasogea mbele. Waziri akamtazama.

"Kapu hilo la nani?"

"Langu, Bwana. Nimekuja nalo nitilie mtama."

"Basi una mali. Nenda zako."

"Bwana, wanangu hawajala tangu jana asubuhi."

"Si uuze kapu!" akasema Mfaume, akacheka peke yake.

Ndipo Chande alipojipenyeza, akainama. "Bwana wangu Sultani, mimi nimeitimiza amri. Sina kitu."

"Na shuka hiyo?" akauliza Waziri.

"Ya kuazima, Bwana Waziri. Ukitaka irudi kwa mwenyewe sasa hivi, nitaivua hapa hapa."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akasema upesi, "Acha shuka! Fumu, mpimie."

Fumu akajaza pishi. "Haya, kapu lako liko wapi?"

"Ningekuwa na kapu ningekuwa tajiri."

"Sasa nikumiminie wapi?"

"Katika chombo cha Bwana Waziri. Kinu sina, utwangwe kwake. Chungu sina, upikwe kwake. Nyumba sina, nitakaa barazani kwake hata uive."

"Una wazimu wewe!" Waziri akang'aka.

"Hata huo sina, Bwana."

Sultani akajikaza asicheke. "Sudi, amri ni yako, na maskini uliyemtafuta ndiye huyu. Nenda naye."

Basi walipokuwa wakitoka, Chande akamwambia Bi Kibibi, "Dada yangu, kapu na chungu mpe jirani, kisha uje na watoto." Bi Kibibi akafanya hivyo, na jioni ile watoto wanne wakala wakashiba kwa Waziri. Habari ikaenea. Siku ya pili walikuja kwa Waziri watu kumi na wawili mikono mitupu, wakisema nao hawana kitu. Ikawa kufika Jumatano ni watu sitini, na moshi jikoni haukatiki. Mke wa Waziri, Bi Tatu binti Shekue, akaweka mwiko chini, akasema, "Baba Athumani, ama amri iondoke, ama niondoke mimi."

Ijumaa Waziri akasimama barazani, akaifuta amri yake kwa sauti ndogo. Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. Kisha akauliza, "Chande, nitamjuaje basi mwenye njaa?"

"Bwana wangu, waulize majirani ni meko ya nani hayakuwashwa. Wao wanajua."

"Na yule wa pombe?" akauliza Mfaume.

"Huyo naye ana watoto, Bwana Mfaume. Mtama apewe mkewe."

Sultani akaamuru iwe hivyo, Bi Kibibi akapewa pishi mbili, ya siku ile na ile aliyonyimwa, na Chande akavishwa joho jipya.

Chande bin Pazi alifariki dunia mwaka uliofuata, siku ya Jumatano, mwezi wa Rajabu, lakini desturi ya kuwauliza majirani ikabaki Kijongwe.